Pakeji za Wahandisi Nchi ya Chai: Mambo 12, Kuanzia Mkiani Hadi Kileleni

Mwanafunzi wa uhandisi anaporipoti chuoni, iwe ni Bureti kule Kericho au Sot kule Bomet, kichwani ana picha moja tu: ovaroli, spana na mashine inayonguruma. Kisha anapewa ratiba. Katikati ya hesabu za ufundi na michoro kuna somo la kompyuta: Word, Excel, PowerPoint na jamaa zao. Hapo ndipo malalamiko huanza. "Pakeji? Si hizo nilizisoma pale saiba baada ya Fomu Foo?"

Hoja hiyo nimekuja kuipinga hadharani. Mtaala wa umahiri wa TVET CDACC umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa masomo ya msingi ambayo kila mtu hupitia, awe wa umeme, wa mitambo au wa ujenzi, na umefanya la maana. Kericho na Bomet majani ya chai hupimwa kilo kwa kilo, boila huandikiwa zamu kwa zamu, na mwisho wa mwezi namba zote hukutana ndani ya faili la Excel la mtu fulani. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Basi nimeyapanga mambo 12 ya somo hilo kwa kipimo kimoja: siku ya kwanza ya atachimenti kiwandani, jambo hili litakuinua kiasi gani? Tunaanza mkiani. Ukiwa na haraka, ruka hadi namba 1, ukasirike, kisha urudi juu kutafuta ushahidi dhidi yangu.

12. WordArt na majalada yenye maua

Herufi zilizopinda, zenye kivuli cha zambarau na mng'ao wa dhahabu, juu ya ripoti ya ukarabati wa pampu. Nani anaoa? Msimamizi wa karakana anataka kujua ni pampu ipi, iliharibika lini na ulibadilisha nini. Jalada halimwambii lolote kati ya hayo, na wino wa rangi umekwisha.

Hukumu: peleka kwenye kadi za harusi. Huko inapendeza kweli.

11. Access

Wazee wa Access, shukeni chini kwanza tuongee. Programu hii ilitoka mwaka 1992, na wazo lililo ndani yake ni zuri mno. Mkulima anaandikwa mara moja tu: namba yake, jina, kituo anakopeleka majani. Kila anapopima, jedwali la pili linataja namba yake na kilo zake, basi. Akibadilisha simu, unarekebisha mahali pamoja na kazi imekwisha. Anayelielewa wazo hilo ameelewa jinsi benki, hospitali na kiwanda cha chai vinavyotunza kumbukumbu.

Tatizo ni programu yenyewe. Kwenye Mac haipo. Kwenye simu haipo. Kiwanda kikubwa kina mifumo yake mingine, na kiwanda kidogo kinatumia Excel.

Hukumu: nenda nyumbani na wazo, uiache programu maabara. Wazo peke yake lingepata nafasi ya juu kabisa, na nitalirudia kule juu kwa jina jingine. Kaa macho.

10. PowerPoint

Ilizaliwa mwaka 1987 mikononi mwa Robert Gaskins na wenzake katika kampuni ya Forethought, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Tangu hapo maneno yamekuwa yakiruka kutoka kushoto, yakizunguka mara mbili na kutua katikati ya ukuta, huku darasa zima likisubiri. Komredi ana dakika 10 za kuwasilisha mradi. Slaidi anazo 43. Kila slaidi ina aya nzima, na aya nzima anatusomea, mgongo ukiwa kwetu. Tunajua kusoma, ndugu yetu. Tulisoma pamoja.

Kwa mhandisi jambo hili ni zito. Chombo cha anga cha Columbia kilivunjika tarehe 1 Februari 2003 kikiwa na watu saba. Tume iliyochunguza ajali hiyo iliichambua slaidi moja ya wahandisi, yenye vidokezo juu ya vidokezo, ikasema ni rahisi kuelewa jinsi kiongozi angeisoma asitambue kwamba inazungumzia hatari ya maisha. Ikakosoa pia mazoea ya NASA ya kutumia slaidi mahali pa ripoti kamili za kiufundi.

Hukumu: slaidi moja, wazo moja, grafu moja, na ripoti kamili mezani. Nafasi ya 10, na ishukuru. Mwanzoni nilitaka kuipeleka mahali pa WordArt.

9. Kuchapa bila kutazama kibodi

Pitisha kidole juu ya herufi F, kisha J. Umevisikia vinundu viwili? Hapo ndipo makao ya vidole vya shahada, na vingine vyote hujipanga kando yake. Mchumaji chai wa Kericho hatazami mikono yake: macho yako mbele yakitafuta majani mawili na kichipukizi kinachofuata, na mikono yote miwili inafanya kazi. Mchapaji mzuri ni hivyohivyo. Anatazama mita, anatazama daftari la zamu, na namba zinaingia zenyewe.

Kuna mjanja amekwisha kuinua mkono: "Siku hizi unaiongelesha simu tu, inaandika." Vizuri sana. Simama kando ya mashine za CTC, zile za kusaga majani, zikiwa zimewashwa, uitajie simu yako namba ya beringi yenye tarakimu saba. Sisi tuko hapa nje tunakusubiri na matokeo.

Hukumu: wiki chache za mazoezi, faida ya miaka 40.

8. LibreOffice, ya bure kabisa

Wanafunzi wengi hupata Office ya wizi kwenye flashi ya rafiki, na pamoja nayo hupata virusi vya rafiki, vya rafiki wa rafiki, na vya saiba tatu zilizopitiwa njiani. LibreOffice haikuombi senti. Ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, inafungua mafaili ya Word na Excel, na karibu kila utakachofundishwa muhula huu kinafanyika humo.

Na hapa nataka tujivunie kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioendeshwa pamoja na washirika wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka 2004! Ukiambiwa lugha yetu haiwezi kukaa ndani ya kompyuta, mpe mtu huyo tarehe hiyo na uendelee na chai yako.

Mbona basi ni ya 8 tu? Kwa sababu waajiri bado huandika "Excel" kwenye tangazo, na kwa sababu faili likihama kutoka programu moja hadi nyingine, picha husogea na majedwali huteleza. Ukimaliza ripoti, igeuze PDF kabla ya kuipeleka saiba. Ukipeleka .odt, dada wa saiba atakuuliza umetoa wapi faili la namna hiyo, na foleni nyuma yako ni ndefu.

Hukumu: mfuko wako utaipigia kura hata kama wewe utakataa.

7. Mitindo ya Word na ukurasa wa yaliyomo

Saa tano usiku, kesho ni siku ya kuwasilisha ripoti ya atachimenti. Komredi anachapa: Sura ya Pili, nukta, nukta, nukta, nukta, hadi ukingo wa karatasi, kisha 17. Amezipanga nukta kwa subira ya kupigiwa mfano. Halafu anakumbuka hakutaja usalama kazini. Anaongeza aya mbili. Sura ya Pili inahamia ukurasa wa 18, yaliyomo bado yanaapa iko 17, na nukta zote zimekwenda kombo.

Dawa ipo, tena ni ya mibofyo michache. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa kichwa wa ngazi ya kwanza, kila kichwa kidogo mtindo wa ngazi ya pili. Kisha agiza Word iandike yaliyomo yenyewe. Ukiongeza aya 20, bofya yaliyomo, gonga F9, namba zote zinajirekebisha. Picha nazo zipe maelezo kwa njia hiyohiyo na orodha ya michoro itajiandika. Fomula za hesabu? Shika Alt na alama ya sawa, kisanduku cha hesabu kinafunguka, na hakuna tena haja ya kuchora alama ya kipeo kwa kalamu baada ya kuchapisha.

Nafasi ya 7 itawaudhi wahadhiri, maana wao wanasoma ripoti hizi kwa mamia na wangeliweka jambo hili namba 1. Nawaelewa, na nawaonea huruma.

Hukumu: aliyechapa nukta kwa mkono ana bidii. Aliyetumia mitindo amelala saa nne.

6. Barua za mkupuo

Hapa ndipo Word na Excel huoana, na mtoto wao ni nafasi yako ya atachimenti. Upande wa Excel una orodha ya viwanda vya chai. Kericho weka Litein, Kapkatet, Momul, Toror, Tegat. Bomet weka Mogogosiek, Kapset, Kapkoros, Tirgaga. Ongeza makampuni ya mashamba makubwa, na karakana zote unazozijua hadi Sotik. Safu moja jina la kiwanda, ya pili anwani ya posta, ya tatu cheo cha mpokeaji. Upande wa Word una barua moja yenye matundu matatu. Unaunganisha, na barua zote zinatoka, kila moja na jina la mwenyewe.

Wenzako wasiojua wananakili na kubandika. Ndipo meneja wa Kapkatet anafungua bahasha, jina lake liko sawa juu, na aya ya pili inamwambia: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kufanya kazi Litein." Ndoto ni nzuri, na Litein ni pazuri. Ila bahasha imepitiliza mji mmoja kwenye barabara ya kwenda Sotik.

Onyo moja tu kabla ya kuchapisha: pitia barua tatu au nne kwenye kioo. Orodha ikiwa na kosa, mkupuo hulisambaza kwa uaminifu mkubwa.

Hukumu: ndani ya somo lote, hili pekee linaweza kukulipia nauli ya kwenda kazini kabla hata hujamaliza kozi.

5. Chati, na ugonjwa wa keki ya vipimo vitatu

Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoachwa mkavu kabisa. Mpe mwanafunzi namba hizo 12 achore. Anachora keki. Keki yenyewe imeinama, ina kina, ina rangi 12, na vipande vinakaribiana hata jirani hajui ni kipi cha Aprili. Kipande kilicho mbele kinaonekana kikubwa kwa sababu ya kuinama kwake tu, na hapo Oktoba imeishinda Mei bila hata tone la ziada.

Tusikilizane. Keki ni kwa ajili ya sehemu chache za kitu kizima. Mvua ya kila mwezi inataka chati ya mihimili. Milima ya Kericho inatajwa duniani kwa mvua ya mawe, siku 132 kwa mwaka ndiyo namba inayonukuliwa, nayo ukiihesabu mwezi kwa mwezi ni mihimili vilevile. Joto la kikaushio kila saa linataka mstari. Na ukitaka kujua joto hilo linahusiana vipi na unyevu wa chai inayotoka, chora chati ya nukta.

Sasa mtego ambao hata wakubwa huingia. Umepima unyevu dakika ya 5, ya 10, ya 30 na ya 60. Ukichagua chati ya mstari, Excel inaweza kuzichukua dakika hizo kuwa majina tu na kuzipanga kwa umbali sawa: kutoka 5 hadi 10 hatua moja, kutoka 30 hadi 60 hatua moja. Mchoro utapendeza na utakuwa wa uongo. Chati ya nukta hupima umbali wa kweli.

Hukumu: mhandisi anayechora keki ya mvua anyang'anywe kipanya hadi mvua ikatike. Kericho, hiyo ni adhabu ndefu.

4. Alama ya dola

Hapana, hatuzungumzii mnada wa chai wa Mombasa, ingawa huko nako dola ndiyo inayotajwa. Nazungumzia kialama kidogo kinachofunga seli.

Tuanze na majani. Jani bichi sehemu kubwa ni maji. Chukua kilo 100 zenye maji asilimia 77: kilichobaki kikavu ni kilo 23. Chai iliyokwisha kukaushwa hubaki na maji kama asilimia 3, kwa hiyo gawa 23 kwa 0.97, unapata kilo 23.7 za chai. Yaani kilo moja ya chai imekula kilo 4.2 za majani, na ukiongeza kinachopotea njiani, kiwanda hukadiria hadi kama 4.5. Ukimweleza hivyo babu yako aliyechuma maisha yake yote, atakuambia alikuwa anajua. Sasa wewe umejua ni kwa nini.

Weka hiyo 4.5 kwenye seli F1. Majani ya kila siku yako safu B, kuanzia B5. Unaandika =B5/F1, jibu linatoka, unatabasamu, unaiburuta fomula hadi tarehe 30. Kuanzia siku ya pili, misururu ya #DIV/0! hadi chini. Kosa ni nini? Fomula iliposhuka mstari mmoja, F1 nayo ilishuka ikawa F2, na F2 ni tupu. Umegawa mavuno ya kiwanda kwa hewa. Andika =B5/$F$1 na seli haitatikisika tena.

Ndugu yake wa karibu ni kosa la kukata orodha mapema, na hilo limewahi kuangukia watu wazito. Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha mwaka 2010 utafiti kuhusu madeni ya nchi ambao wanasiasa wa mabara mawili waliutumia kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alikuwa akiurudia kwa zoezi la darasani. Alipopewa faili lao, alikuta wastani mmoja umeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa nje. Zoezi la darasani, makomredi!

Hukumu: bofya seli ya jumla, tazama fomula imeanzia wapi na imeishia wapi. Mwanafunzi alimkosoa Rogoff, profesa wa Harvard, kwa njia hiyohiyo.

3. Kuhifadhi, na kulipa faili jina la heshima

Wingu limejaa juu ya Brooke pale Kericho, radi moja, stima imepotea. Kila mkazi wa nchi ya chai anaijua radi hiyo. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, kwa hiyo ukiwa na bahati mbaya umepoteza dakika tisa na ushei. Ctrl na S haina bahati mbaya. Igonge kila umalizapo sentensi, mpaka kidole kifanye chenyewe.

Na jina? Nimeona "ripoti final", "ripoti final mpya", "ripoti final ya mwisho" na "ripoti final ya mwisho USIFUTE" zikilala folda moja. Ipi ni ya mwisho? Hata mwenyewe anazifungua moja moja kwa hofu. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14_kikaushio2_zamu-usiku_v03. Kompyuta ikizipanga kialfabeti, zitakuwa zimejipanga pia kwa tarehe, bila mtu kuguswa. Nakala moja kwenye mashine, moja kwenye flashi, moja mtandaoni. Flashi peke yake haitoshi, kwa sababu flashi huenda kufuliwa pamoja na suruali.

Watu wataniuliza jambo la kitoto namna hii limeishindaje dola. Jibu ni jepesi: fomula mbovu unaweza kuirekebisha. Faili ambalo halipo, hata Herndon hawezi kulikosoa.

Hukumu: shaba, na inaistahili.

2. Excel na kiu yake ya tarehe

Hapa nchi ya chai ina kesi yake maalumu, na nimekuwa nikisubiri kuifikia.

Pale Timbilil, Kericho, taasisi ya utafiti wa chai imetoa aina za miche ambazo wakulima wanazijua kwa namba. TRFK 6/8 ni maarufu kwa ubora wa chai yake. Kuna 31/8. Kuna 303/577. Kuna 306 ya majani ya zambarau. Sasa keti, fungua Excel, andika safu ya miche kwa kifupi kama watu wanavyotamka. Andika 6/8, gonga Enter. Imekuwa tarehe 6 Agosti! Andika 31/8. Tarehe 31 Agosti! Andika 303/577: imebaki salama, maana hakuna mwezi wa 577. Mche wako bora umekuwa siku ya kalenda, na ndani kabisa Excel inaushika kama namba. Ukiandika mwaka 2024, mche huo unaitwa 45510. Utafute shambani.

Bado kuna zaidi. Kompyuta ikiwa imewekwa kwa desturi ya Marekani, mwezi hutangulia. 6/8 itakuwa tarehe 8 Juni, huku 31/8 ikibaki maandishi kwa sababu mwezi wa 31 haupo. Safu moja, miche miwili, mmoja tarehe, mwingine maneno. Ukiipanga, miche inagawanyika makundi mawili na hujui nani aliyeigombanisha. Kumbukumbu za matengenezo nazo hupatwa: 03/04 ni Aprili tatu au Machi nne? Boila inahitaji kujua.

Usidhani ni shida ya kijijini. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya kutoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadilisha majina ya jeni kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza tarehe. MARCH1 ikawa MARCHF1. Wanasayansi wa dunia nzima waliona ni rahisi kubadilisha majina ya mwili wa mwanadamu kuliko kubishana na programu ya ofisi. Na programu yenyewe hadi leo inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haijawahi kutokea. Kosa hilo lilikuwa ndani ya Lotus 1-2-3, Excel ikalichukua makusudi ili mafaili yaelewane.

Dawa: kabla ya kuandika, iteue safu nzima na uiambie ni ya maandishi. Au anza na alama ndogo ya kinukuu: '6/8. Au andika jina kamili, TRFK 6/8, na heshima irudi.

Hukumu: fedha. Ingepata dhahabu kama isingekuwa mtoto wa namba 1.

1. Jedwali safi

Mshindi ni hili: mstari mmoja, tukio moja. Seli moja, jambo moja. Naam, hilo tu. Si pivoti, si VLOOKUP, si makro.

Tazama faili la zamu ambalo utalikuta mahali fulani siku yako ya kwanza. Juu kuna kichwa kikubwa kilichounganisha seli nane. Chini yake mistari miwili mitupu, ya urembo. Safu ya majani ina "tani 3", kisha "3000 kg", kisha "kama 2,900 hivi". Siku mashine iliposimama, mtu amepaka seli rangi nyekundu, na siku nyingine chungwa, na aliyejua tofauti ya nyekundu na chungwa alihamishwa. Katikati ya orodha kuna jumla ya wiki, kwa hiyo ukijumlisha safu nzima, wiki hiyo imehesabiwa mara mbili.

Sasa lipange upya. Vichwa vya safu kwenye mstari wa kwanza: tarehe, zamu, mashine, majani_kg, joto_C, unyevu_asilimia, dakika_za_kusimama, sababu. Kizio kiko kwenye kichwa, ndani ya seli ni namba tupu. Kila mstari ni zamu moja ya mashine moja. Rangi hakuna, kwa sababu hakuna fomula ya kawaida inayojumlisha wekundu. Jumla zikae karatasi nyingine. Hapo ndipo pivoti inaamka: ni mashine ipi imesimama dakika nyingi zaidi Julai, zamu ya usiku, kwa sababu ya beringi? Mibofyo minne. Fundi ambaye amekuwa akisema "ni ile ya tatu" kwa miaka miwili anapata ushahidi, na ombi lake la vipuri linapata miguu. Na lile wazo la Access nililokuambia ulikalie macho, ndilo hili.

Umbo baya lina gharama, na Uingereza iliilipa. Vuli ya mwaka 2020 karibu visa 16,000 vya korona vilikosekana kwenye hesabu ya taifa, na waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Majibu ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lenye mwisho wa mistari 65,536, na kila kisa kikichukua mistari kadhaa. Faili lilijaa, ziada ikaachwa nje kimyakimya. Rudi Bomet na ufanye hesabu: chukua kiwanda chenye wakulima 8,000, kila mmoja akipima majani mara 9 kwa mwezi. Hiyo ni mistari 72,000. Muundo wa zamani usingefika hata mwisho wa mwezi, na wakulima wa kituo cha mwisho wangekuja kuuliza kilo zao ziko wapi. Muundo wa sasa una mistari 1,048,576. Hifadhi kwa .xlsx.

Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta akianza somo kwa mazoezi matatu ya kupanga jedwali kabla ya kugusa fomula yoyote, msikilize. Anakupa kazi ambayo haitazeeka hata programu ikibadilika jina.

Hukumu: dhahabu, na sishuki bei.

Wa pivoti, najua mko njiani. Wa VLOOKUP nao wamepanda matatu nyingine. Karibuni, lakini kila mtu aje na faili lake, na kabla hatujaanza kubishana, tutatazama kwanza kama lina seli zilizounganishwa.